Forosadi za Malindi: kulima, kupima na kuuza tunda lisilongoja siku mbili

Kila mwaka hunijia vijana wawili watatu na picha kwenye simu: stroberi zinaning'inia kwenye mabomba meupe, bluuberi zimepangwa kwenye vyungu chini ya paa la plastiki. "Ami, haya kwa Malindi yawezekana?" Nami huwauliza kwanza: jana usiku mlijifunika? Stroberi huchanua vizuri penye usiku wa baridi, na hapa kwetu hata Julai, kusi ikivuma, usiku haushuki sana chini ya nyuzi 22. Mmea utashika, utatoa majani na vikonyo vya kutambaa, lakini matunda yatakuwa machache na madogo. Bluuberi nayo hutaka udongo mchachu, pH 4.5 hadi 5.5, na mashamba yetu ya karibu na ufuo yamekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa, na pH yake hupita 7. Hiyo, pamoja na joto, ndiyo sababu bluuberi za biashara hapa Kenya zinalimwa bara, kama zile za Kakuzi huko Murang'a. Na lile paa la plastiki linalowasaidia watu wa nyanda za juu kupata joto, huku kwetu hugeuka tanuri.

Lakini lipo tunda laini la kuuzwa kwa kikasha, na kwa bei ya kikasha, linalolipenda jua letu. Ni forosadi. Wengine huliita forsadi, na vijana wa Nairobi malberi. Huenda mti wake umeuona uani kwa mtu, watoto wamerudi na midomo na mashati ya zambarau. Mwongozo huu ni wa kuutoa mti huo uani na kuufanya shamba la ekari moja lenye kuleta pesa.

Teknolojia nitakayoieleza si ile ya kupigiwa picha. Ni kipimo cha chumvi, mabomba ya matone, kalenda ya kupogoa, na baridi. Forosadi iliyoiva ikichumwa alfajiri na kuachwa bila baridi, kesho yake imeanza kuchuruzika. Kwa hiyo pesa yako itangulie kwenye maji, halafu kwenye saa zile chache baada ya kuchuma. Yanayobaki katikati mti wenyewe unayaweza.

Hatua ya 1: Pima chumvi ya maji kabla hujanunua hata msumari

Kifaa chenyewe ni kama kalamu nene, kinaingia mfukoni. Teka maji ya kisima kwenye glasi safi, kichovye, subiri namba itulie. Ikiwa chini ya 0.7 dS/m (vifaa vingine huandika 700 µS/cm), maji yako hayana tatizo. Kati ya 0.7 na 3 utalima kwa uangalifu, ukiusafisha udongo kwa maji mengi mara moja moja ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Ikipita 3, tafuta maji mengine au shamba jingine. Viwango hivyo ndivyo vinavyotumiwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Stroberi, kwa kulinganisha, huanza kupunguza mavuno pindi chumvi ya udongo inapofika 1 tu.

Usipime mara moja. Pima asubuhi kabla pampu haijawashwa, pima tena baada ya kuvuta kwa saa tatu. Namba ikipanda, kisima chako kinakuonya. Maji matamu ya visima vya pwani huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini, kwa sababu ni mepesi kidogo. Hesabu ya wataalamu wa maji ni kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huenda pamoja na karibu mita 40 za maji matamu zilizo chini ya usawa huo. Sasa geuza hesabu hiyo: ukivuta kwa nguvu hadi maji ya kisima yashuke mita 1, umeifungulia chumvi njia ya kupanda mita nyingi mno. Jirani yangu alifunga pampu kubwa ya dizeli, tangi likawa linajaa kwa nusu saa, naye akafurahi. Msimu wa pili mipapai yake ilikuwa imeungua kingo za majani. Kisima kile mpaka leo ni cha chumvi, na visima vya majirani viwili vilifuata.

Ndiyo maana nasema pampu ndogo ya sola, ivutayo polepole kuanzia asubuhi hadi alasiri, inakifaa kisima cha pwani kuliko injini yenye nguvu. Hapa sola ni ya kuokoa mafuta, na pia ni ya kukihurumia kisima. Walio karibu na Sabaki, upande wa Jilore na Kakuyuni, wana maji matamu, ila mto ukijaa huja mwekundu wa tope. Hao wajenge tangi la kutuliza maji kwanza, tope litue usiku kucha, ndipo maji yaende kwenye kichujio.

Hatua ya 2: Udongo

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua ardhi nyekundu ya nyuma ya mji, ule udongo wa kichanga unaoendelea mpaka Magarini na Marafa. Hupitisha maji vizuri na mizizi hushuka bila kizuizi. Upungufu wake ni chakula: hauna rutuba nyingi, kwa hiyo kila shimo lipate debe moja la samadi iliyooza sawasawa.

Ukiwa kwenye mwamba wa matumbawe, mti utakubali, lakini utaona majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Hiyo ni njaa ya chuma. Chuma kimo udongoni, ila chokaa imekifunga. Wengi hukimbilia kuongeza mbolea ya kukuzia na mti unazidi kupauka. Dawa ni mbolea ya chuma ya aina iitwayo EDDHA, ambayo haiharibiki kwenye udongo wa chokaa. Aina ya EDTA ni rahisi zaidi madukani, lakini kwa pH yetu hufunguka na chuma kikapotea bure. Soma mfuko kabla ya kulipa.

Upande wa bahari panda ukuta wa mivinje kuzuia upepo wa chumvi, ila iwe mbali kidogo na mstari wa kwanza, maana mizizi yake nayo inakunywa. Na zungushia ua. Mbuzi wanalipenda jani la forosadi kuliko majani mengi ninayoyajua, na usiku mmoja unawatosha kumaliza kazi ya miezi sita.

Hatua ya 3: Vipandikizi

Usipande mbegu. Mbegu za forosadi hutoa miti isiyofanana, na baadhi yake huwa madume yasiyozaa kabisa. Tafuta mti ulioula tunda lake kwa mdomo wako ukauridhia, ukate hapo. Chagua tawi lililokomaa lenye unene wa penseli, kipande cha sentimita 20 hadi 25 chenye macho matatu au manne. Chini kata mshazari, juu kata sawa, usije ukakigeuza kichwa chini. Fukia theluthi mbili yake kwenye mfuko wa kitalu wenye mchanga, udongo na makapi ya nazi yaliyooshwa. Uoshaji huo si wa hiari. Makapi ya nazi yaliyolowekwa kwenye maji ya bahari hubaki na chumvi. Maji ya kuoshea nayo yapime kwa kipimo chako kilekile.

Weka kitalu kivulini. Mizizi hutoka ndani ya mwezi mmoja au zaidi kidogo. Ukianza kitalu Januari, miche itakuwa tayari kuingia shambani na masika ya Aprili na Mei, na mvua itakufanyia nusu ya kazi. Nafasi ya mita 3 kwa 3 hukupa karibu miti 450 kwa ekari. Kuna wanaobana zaidi. Mimi sishauri, kwa sababu utahitaji kupita na kikasha mkononi kila siku, na tunda linaloguswa na bega lako limeharibika.

Hatua ya 4: Matone

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa, kwa hiyo tuende taratibu.

Kwanza jua mti wako unakunywa kiasi gani. Siku ya Februari, jua kali na kaskazi ikivuma, ardhi ya pwani hupoteza kama milimita 5 za maji. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mti wenye kivuli cha upana wa mita 2 unafunika karibu mita 3 za mraba. Zidisha kwa 5, upunguze kidogo kwa sababu majani hayajafunika kila mahali, upate kama lita 12 kwa siku. Kwa miti 450 ni lita 5,400. Kwa hiyo tangi la lita 10,000 linakutosha na kukuachia akiba ya siku ya mawingu, sola inaposinzia.

Pili, usiamini maandishi ya kwenye kifungashio. Dripa, yaani kile kitundu cha bomba kinachotoa matone, ikiandikwa lita 4 kwa saa hutoa lita 4 ikiwa na msukumo wa baa 1. Tangi lililoinuliwa mita 3 lina msukumo wa baa 0.3 tu, na hapo dripa ileile hutoa lita 2 na kitu. Mkulima anamwagilia saa moja na nusu akidhani ameshibisha, kumbe amempa mti nusu. Weka kikombe chini ya dripa kwa dakika 15, pima, zidisha kwa nne. Fanya hivyo karibu na tangi na mwisho kabisa wa bomba. Tofauti ikiwa kubwa, gawa shamba vipande viwili na ufungulie kimoja kimoja.

Tatu, kichujio cha diski kiwekwe mwanzo wa mfumo na kioshwe kila wiki. Maji yetu yana chokaa, na chokaa hugeuka jiwe kwenye tundu la dripa. Kila mwisho wa juma fungua ncha za mabomba, acha maji yatoke mpaka yawe safi. Zilizoziba zilowekwe kwenye asidi ya sitriki.

Mbolea ya maji utaipitisha humohumo. Vile vifaa vya kufyonza mbolea kwa msukumo wa bomba, vinavyouzwa kwa sifa nyingi, havifanyi kazi vizuri kwenye mfumo wa tangi la kuinuliwa, kwa sababu msukumo ni mdogo. Changanya mbolea moja kwa moja kwenye tangi, malizia na maji matupu ili mabomba yasikae na chumvi ya mbolea.

Na utajuaje mti una kiu? Nunua tenshiometa, bomba la maji lenye ncha ya kauri na saa juu yake. Lizike hadi sentimita 30, kiganja kimoja kutoka kwenye dripa. Kwenye udongo wa kichanga, mshale ukifika sentibari 20 hadi 30, fungulia. Ukiwa chini ya 10, funga, unazamisha mizizi. Vipo pia vihisio vya kielektroniki vinavyotuma habari kwenye simu. Ni vizuri kwa anayeishi Mombasa na shamba liko Ganda, lakini vipimwe kwanza kwenye udongo wako mkavu na uliolowa, na kwenye udongo wa chumvi vile vya bei ndogo hudanganya.

Hatua ya 5: Kalenda ya kupogoa

Hii ndiyo siri ya forosadi. Tunda hutoka kwenye chipukizi jipya. Usipougusa mti, utazaa unapotaka wenyewe, mara nyingi mvua ikianza, siku ambazo huna mnunuzi na matunda yanaoza mtini. Ukiupogoa na kuupukusa majani yote kwa mkono, ukaunywesha na kuulisha, macho hufunguka ndani ya wiki moja au mbili, na maua madogo hutoka pamoja na majani machanga. Kuanzia siku ya mkasi hadi tunda la kwanza jeusi ni kama miezi miwili. Andika siku zako mwenyewe, kwa sababu kusi na kaskazi huzitofautisha.

Kwa hiyo usipange kupogoa. Panga kuuza, kisha uhesabu kurudi nyuma. Gawa shamba vipande vinne. Kwa mahoteli ya Malindi na Watamu unataka matunda Julai na Agosti, tena Desemba hadi Machi. Mei usitake kitu: mvua hulijaza tunda maji, utamu unapungua na ukungu unaingia. Basi usishike mkasi Machi.

Na kuna soko ambalo wakulima wengi wanalisahau kwa kutazama mahoteli peke yake: juisi ya futari. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kwa kutegemea mwandamo. Kipande cha kwanza ukipogoe tarehe 8 Desemba, cha pili 15, cha tatu 22, cha nne 29. Utakuwa na tunda bichi tangu kumi la kwanza mpaka Idi.

Kila mti uuweke kimo cha mkono wako ulionyooshwa, si zaidi. Matawi marefu yainamishe na kuyafunga kwa kamba yalale. Tawi lililolala huamsha macho mengi kuliko lililosimama. Usiulazimishe mti zaidi ya mara tatu kwa mwaka.

Ndege na wadudu

Kunguru wa Bara Hindi ndiye adui mkubwa. KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilitangaza mwaka 2024 mpango wa kuwapunguza kunguru milioni 1, lakini mwenye matunda yaliyoiva hana muda wa kungoja. Shore nao hufika asubuhi mapema kuliko wewe. Tandaza neti juu ya kipande kile kinachoiva peke yake, kisha ihamishe. Kwa kupogoa kwa zamu neti moja hutumikia vipande vinne. Ivutwe ikaze, isiwe ya kulegea, maana neti iliyolegea hunasa popo na nyoka.

Wale wadudu weupe wenye unga kama pamba, waliotusumbua kwenye mipapai, hupenda forosadi pia. Kata tawi lililoshikwa, lichome. Usipulize sumu kali: yupo nyigu mdogo mno anayetaga ndani ya mdudu huyo na kummaliza, India wamemtumia kuokoa mashamba ya forosadi na mipapai, na sumu humuua yeye kwanza. Isitoshe, tunda hili haliondolewi ganda wala halisuguliwi. Ulichopuliza ndicho mteja atakachokula.

Hatua ya 6: Kuchuma na kukimbizana na saa

Anza alfajiri, umande ukishakauka kidogo, umalize kabla ya saa tatu asubuhi. Chuma lililo jeusi lakini bado gumu kidogo, kwa kikonyo chake. Liingie moja kwa moja kwenye kikasha litakalouzwa nalo, tabaka mbili au tatu basi. Kila mara unapolimimina kutoka chombo hadi chombo umepunguza saa zake. Usioshe, maji hulifungulia ukungu. Bandika karatasi yenye saa ya kuchuma. Mpishi wa hoteli akiliona jambo hilo mara tatu, ya nne hatakuuliza maswali.

Kisha baridi, ndani ya saa moja. Sanduku la barafu linatosha kwa kuanzia, mradi barafu isiguse matunda na sanduku halijawahi kubeba samaki. Lile jokofu la mkaa na maji linalosifiwa bara halitakusaidia sana hapa: hupoza kwa maji kukauka, na hewa ya Malindi tayari imejaa unyevu, kwa hiyo hushuka nyuzi chache tu. Kundi la wakulima watano au sita likijaliwa, lijenge chumba kidogo chenye kuta nene za kuzuia joto, liweke kiyoyozi cha kawaida cha dirishani, na kukifunga kifaa kiitwacho CoolBot. Kiyoyozi peke yake hukataa kushuka chini ya nyuzi 16 au hivi. Kifaa hicho hukipasha joto kihisio chake, kiyoyozi kikadhani chumba bado kina joto, kikaendelea mpaka karibu nyuzi 4. Hapo tunda lako linapata siku kadhaa badala ya moja.

Yasiyouzika mabichi

Yatakuwepo, tena mengi siku za mwanzo. Kugandisha ni rahisi: yatandaze tabaka moja kwenye sinia ndani ya friza, yakishakuwa mawe yatie mfukoni, yakae kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Yakiyeyuka hayana umbo tena, kwa hiyo wauzie wenye juisi na aiskrimu, usimwambie mtu ni mabichi.

Kukausha kwa sola hufaa miezi ya kaskazi, hewa ikiwa kavu zaidi. Tunda karibu lote ni maji, kwa hiyo kilo 6 mbichi hukupa kama kilo 1 kavu. Weka bei ukilijua hilo.

Kwa jamu, kumbuka kwamba forosadi tamu ina uchachu mdogo, na jamu isiyo na uchachu haishiki wala haihifadhiki. Ndimu zetu zinatosha: kamua mpaka kipimo cha pH kisome karibu 3.2, ongeza pektini (kile cha kuishikisha jamu), pika hadi kipimo cha sukari kisome 65. Chupa ziwe zimechemshwa. Ukitaka kuziweka dukani, utahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na hiyo huomba jikoni safi na kumbukumbu zilizoandikwa. Anza kuandika tangu chupa ya kwanza.

Matawi uliyoyapogoa usiyachome. Yaliyokomaa ni vipandikizi vya kuuza kwa jirani, na majani uliyopukusa yana protini ya kutosha kumfanya mbuzi wa maziwa aonekane ametunzwa. Yapime kwa kilo, uyaandike kwenye daftari lilelile la matunda.